Macho Hayana Pazia: Deni la Mtazamaji Madukani Katika Siku ya Likizo Pwani

Utangulizi

Miongoni mwa misemo ambayo Waswahili huitumia kuihalalisha raha ya kutazama, ni michache inayotajwa kwa wepesi kama ule usemao kwamba macho hayana pazia. Mtu akifumaniwa akikikodolea macho kitu kisicho chake hujitetea kwa msemo huu, na aghalabu utetezi wake hukubaliwa, kwa kuwa ni vigumu kumshtaki mtu kwa kosa la kuona. Makala haya yanakusudia kuuchunguza utetezi huo katika mazingira mahususi, yaani siku nzima ya likizo mjini Mombasa na viungani mwake, ambapo mtu hana kazi ila kuingia duka hili na kutoka lile, kuvuka kwa feri, kutembea ufuoni na kurejea jioni. Swali letu ni la kimaadili nalo laweza kuelezwa kwa maneno machache: je, anayetazama pasi na nia ya kununua anadaiwa chochote na yule anayemwonyesha?

Yamkini msomaji ataliona swali hili kuwa dogo mno kwa jarida la uhakiki. Sisi tunadai kwamba si dogo. Sehemu kubwa ya riziki ya pwani ya Kenya hutegemea watu wanaokuja kutazama, na kila siku ya msimu maelfu ya mazungumzo hufanyika baina ya mwenye wasaa na mwenye haja. Fauka ya hayo, kutazama vitu vilivyotengenezwa na wengine, kuvigeuzageuza na kuvisemea, ndiyo kazi ya mhakiki. Kwa hivyo hatuwezi kudai kwamba hatuna hisa katika shauri hili.

Kutembea na kutalii

Hebu tuanze na lugha yenyewe. Mkaazi wa bara akiulizwa na mwenyeji wa Mombasa kilichomleta, hujibu, "Nimekuja kutembea." Jibu hili ni pana kuliko linavyoonekana. Kitenzi kutembea kinahusu kwenda kwa miguu, lakini pia kinahusu kuzuru. Na umbo lake la kutendea, kutembelea, huhitaji mtu au mahali pa kutembelewa. Aliyekuja kutembea amekiri, japo bila kukusudia, kwamba amekuja kwa watu. Neno mtalii nalo linatokana na kitenzi kutalii, ambacho asili yake ni Kiarabu na ambacho kilihusu kusoma na kuchunguza jambo kwa makini kabla ya kuhamia kwenye mahoteli ya ufuoni. Basi lugha yetu haimtambui mtu anayezuru tu bila uhusiano. Inamtambua mgeni na inamtambua msomaji, na wote wawili wana adabu zao.

Hata hivyo, siku ya likizo ina haki zake. Aristotle alishikilia kwamba mtu hujishughulisha ili hatimaye apate wasaa, na kwamba wasaa ndio unaofaa kuitwa lengo, kazi ikiwa ni njia tu ya kuufikia. Hoja hii ina uzito. Likizo ambayo kila mtazamo wake hauna budi kutolewa hesabu si likizo tena, ni kazi nyingine. Lakini hatuna budi kukumbuka pia kwamba wasaa aliousifu Aristotle ulitegemea mikono ya watumwa, na kwamba yeye mwenyewe aliutetea utumwa huo katika Siasa. Wasaa wa mmoja una desturi ya kusimama juu ya miguu ya mwingine. Nchini Kenya, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mwajiriwa likizo ya siku za kazi zisizopungua 21, yenye malipo kamili, kwa kila miezi 12 ya utumishi. Mwandishi wa makala haya ni mmoja wa wanaofaidi kifungu hicho. Mchuuzi hana mwajiri wa kumlipa siku asiyotoka kwenda kuuza. Na siku ambayo mwenye likizo anaitumia kutazama ndiyo hiyo hiyo ambayo yeye anaitumia kuonyesha.

Tutaeleza sasa siku moja kama hiyo. Msomaji atatuwia radhi tukiiacha kwa muda nafsi ya wingi ambayo imezoeleka katika kurasa hizi, kwa sababu kosa linalohusika lilitendwa na mtu mmoja.

Duka la leso

Mimi na mke wangu tulikuwa tumefika Mombasa jioni iliyotangulia kwa treni ile iliyoanza safari zake mwaka 2017. Asubuhi tulikwenda mtaa wa Biashara, ambao maduka yake ya leso yanajulikana pwani nzima. Leso, kama ajuavyo msomaji, ina sehemu tatu: pindo linaloizunguka, mji ulio katikati, na jina, yaani maneno yaliyochapishwa juu ya pindo la chini. Anayeingia katika duka la leso huingia mahali palipojaa maandishi. Leso zimekunjwa na kupangwa rafu juu ya rafu, na kila moja ina jambo lake: hii inaomba radhi, hii inamjibu jirani, hii inamshukuru mama. Ni maktaba ambayo vitabu vyake huvaliwa.

Mke wangu alimwamkia mwenye duka, mzee aliyekuwa ameketi nyuma ya meza yake ya kukatia, kisha akamwambia waziwazi, "Mzee, leo sikuja kununua. Nimekuja kusoma majina."

Mzee akacheka. "Soma, mwanangu. Majina hayalipiwi."

Akamwita kijana wake azishushe leso za rafu ya juu, ambazo mke wangu hakuwa amezitaja. Kwa muda wa nusu saa mke wangu alisoma kwa sauti, na mzee akawa anaeleza lipi lilipendwa wakati gani, na lipi lilizua ugomvi katika mtaa. Mama mmoja aliyeingia kununua doti ya kumpelekea wifi yake alisimama akasikiliza, na mwishowe akachagua jina ambalo mke wangu alikuwa amelisoma mara mbili kwa kulipenda. Tulitoka mikono mitupu. Mzee alituaga kama alivyotupokea.

Kisa hiki kinatupa jibu la kwanza la swali letu. Si kweli kwamba kutazama bila kununua ni hasara kwa mwuzaji kila mara. Duka lenye watu huvuta watu, na msomaji asiyenunua anaweza kumsaidia mnunuzi asiyejua achague nini. Mwuzaji analijua hilo naye amelitia katika hesabu zake. Lau hoja ingeishia hapa, msemo wa macho kutokuwa na pazia ungeshinda kesi yake kwa urahisi. Lakini lazima tuzingatie kile alichokifanya mke wangu kabla ya kutazama. Alisema kweli. Mzee alipomwonyesha leso za rafu ya juu, alijua anamwonyesha nani na kwa ajili gani. Muda alioutoa aliutoa kama zawadi, na aliye huru kutoa zawadi yu huru pia kuizuia.

"Nitarudi"

Kutoka hapo tulipita Marikiti, ambako harufu ya iliki na bizari hukutangulia, kisha tukashika njia za Mji wa Kale hadi Ndia Kuu. Mke wangu alitangulia kwenda kuitazama Ngome ya Yesu, nami nikaingia katika kijiduka kimoja cha kofia. Mwenyewe alikuwa mtu wa makamo yangu.

"Karibu ndugu yangu, ingia uangalie. Kuangalia ni bure."

Nilitazama. Macho yangu yakatua juu ya kofia moja ya vito, ile ya kushonwa kwa mkono, yenye vitundu vidogo vidogo vilivyozungushiwa uzi kwa sindano hadi vikafanya nakshi. Nikauliza bei. Hapa ndipo kosa langu lilipoanza, kwa sababu sikuwa na nia ya kuinunua. Niliuliza kwa namna mtu anavyouliza saa.

"Elfu nne na mia tano. Hii kaishona mamangu mdogo, imemchukua miezi miwili na ushei."

Ningeweza kunyamaza. Badala yake nilitoa bei yangu, elfu mbili. Mchezo ukaanza, nami nikaupenda. Aliizungusha kofia juu ya ngumi yake ili niione nakshi pande zote. Aliteremka hadi elfu nne, nikapanda mia mbili, akateremka tena. Alileta kioo nijitazame. Tulitaniana juu ya watu wa bara wasiojua kuvaa kofia. Mwishowe, baada ya kimya kirefu kidogo, akasema, "Haya, toa elfu tatu, kwa sababu ni wewe."

Elfu tatu ilikuwa ndiyo bei niliyokuwa nimeitaja mwisho. Alikuwa amenifuata hadi pale niliposimama. Nikatazama saa yangu na kusema, "Nitarudi."

Hakulalamika. Aliifunga kofia katika ukurasa wa gazeti, akaiweka juu ya rafu karibu na mlango. "Basi nakuwekea."

Turudi sasa kwenye hoja. J. L. Austin, katika mihadhara iliyochapishwa mwaka 1962, alionyesha kwamba kuna kauli ambazo kuzitamka ni kutenda: anayesema "naahidi" haelezi ahadi, anaitoa. Tunadai kwamba katika soko la Waswahili kutaja bei ni kauli ya aina hiyo. Lugha yenyewe inatuunga mkono. Mashauriano ya bei huitwa kupatana, na kitenzi hicho hicho ndicho tunachokitumia kwa waliogombana wakasuluhishwa. Walioafikiana bei wamepatana, na waliopatana si watu wawili walio mbalimbali tena. Kutazama hakukuwa kumenifunga kwa lolote. Mwenye duka mwenyewe alitangaza kwamba ni bure. Hata kuuliza bei kulikuwa na njia ya kutokea, maana ningeweza kusema imenishinda. Lakini nilipotaja bei yangu, nilikuwa nimesema kwamba kwa bei hiyo nitanunua. Alipoikubali, mimi ndiye niliyevunja neno.

Litaletwa pingamizi kwamba "nitarudi" inaeleweka na wote. Kila mwuza duka kuanzia Mombasa hadi Kisumu anajua kwamba asemaye hivyo harudi. Kauli hiyo, itasemwa, ni adabu tu ya kuagana, na adabu si uongo. Pingamizi hili lina ukweli ndani yake. Adabu ya Waswahili imejaa kauli ambazo hazichukuliwi kwa uzito wa maneno yake, na mgeni akaribishwaye chakula njiani hujua ni wakati gani wa kukaa na ni wakati gani wa kushukuru na kupita. Lakini kauli ya adabu huwa adabu pale tu wote wawili wanapoielewa kwa namna moja. Ukurasa wa gazeti ulikuwa ushahidi kwamba hatukuielewa kwa namna moja, au kwamba aliielewa nilivyoielewa mimi na bado akachagua kuniamini. Vyovyote iwavyo, mzigo ulikuwa wangu. Immanuel Kant alifundisha mwaka 1785 kwamba utu wa mwenzetu usitumiwe kamwe kama chombo tu. Kwa muda wa robo saa nilimtumia mtu, na miezi miwili ya sindano ya mamake mdogo, kama chombo cha kunipitishia asubuhi.

Anayetembea na aliyeketi

Adhuhuri tulivuka Likoni. Katika feri hiyo aendaye kwa miguu hatozwi nauli, na yamkini ndiyo sababu watu wote mle hutazama kwa usawa: mwanafunzi, mama mwenye tenga la maembe, mtalii mwenye kamera. Hakuna anayemwonyesha mwenzake kitu, na hakuna anayedaiwa. Upande wa pili tulipanda matatu hadi Ukunda, safari ya kilomita zipatazo 30, na kutoka hapo tuktuk ikatushusha ufuoni Diani. Tukaketi kivulini mwa mkungu.

Tuna methali isemayo kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa kawaida hutumiwa kuwausia vijana wasijinadi, na wahakiki wameichukulia kama hekima isiyo na mwenyewe. Lakini methali nayo ina mahali iliposimama iliposemwa. Hii ni methali ya mtu aliyeketi dukani, mwenye paa, rafu na jina. Mtu ambaye wanunuzi humfuata. Bidhaa yake hujiuza kwa sababu imelipiwa kodi ya pango. Asiye na duka hana njia ila kuitembeza bidhaa yake, na methali imekwisha kumhukumu kabla hajafungua mzigo.

Alitujia kijana mwenye vikoi begani na bangili mkononi. Alikuwa ametembea juu ya mchanga ule tangu asubuhi. Miguu yake ilionyesha. Kabla hajasema zaidi ya salamu, nilitikisa kichwa na kugeukia bahari.

"Ndugu yangu," akasema, "hata kuangalia?"

Sikujibu. Alisimama kidogo, akaondoka.

Ilinichukua muda kutambua alichokuwa ameniomba. Asubuhi nilikuwa nimechukua haki ya kutazama kana kwamba ni yangu kwa kuzaliwa, na nikaitumia hadi kupita mpaka wake. Alasiri mtu mwingine aliniomba niitumie haki ile ile, kwa ajili yake, nami nikamnyima. Macho ambayo hayakuwa na pazia mbele ya duka yalipata pazia mbele ya mchuuzi. Basi huenda msemo wetu hausemi kweli. Macho yana pazia, na mwenye macho ndiye aamuaye lini alishushe.

Katika A Small Place (1988), Jamaica Kincaid alimshtaki mtalii kwa niaba ya Antigua, akaeleza kwamba wenyeji wengi wa dunia wangependa nao wasafiri wakapumzike na uchovu wa kwao, ila umaskini hauwaruhusu. Mashtaka yake yalimlenga mgeni mweupe kutoka nchi tajiri. Sisi tulioko Kenya tungependa kuamini kwamba hayatuhusu, maana tunapoketi Diani tumeketi nchini kwetu na tunamwita mchuuzi ndugu katika lugha yake. Tunahofia kwamba lugha hiyo moja inaongeza deni badala ya kulipunguza. Mgeni asiyejua Kiswahili anaweza kujitetea kwamba hakuelewa. Mimi nilielewa kila neno.

Je, tunasema basi kwamba mwenye likizo hana budi kumtazama kila amjiaye na kununua kila aonyeshwacho? La hasha. Kununua kwa huruma ni kumwambia mtu kwamba bidhaa yake haina thamani ila njaa yake. Na ufuo wa Diani una wachuuzi wengi kiasi kwamba anayemsikiliza kila mmoja hatapumzika hata saa moja. Tunachodai ni kidogo zaidi, nacho kinawezekana. Mtazamaji hadaiwi fedha. Anadaiwa ukweli juu ya nia yake, mapema, kwa uso ulioelekezwa kwa anayeambiwa, ili mwenziwe aamue mwenyewe kama atautoa muda wake au atauhifadhi. "Sinunui leo" ni maneno mawili. Mke wangu aliyasema kwa namna yake asubuhi, na akapewa rafu nzima. Mimi niliyanyima watu wawili kwa siku moja: mmoja kwa kusema mengi mno, mwingine kwa kutosema kitu.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba utetezi wa macho kutokuwa na pazia unakubalika kwa kutazama peke yake, lakini haumfuati mtazamaji anapoanza kusema. Neno la kwanza linapotamkwa, bei inapotajwa au salamu inapotolewa, uhusiano umekwisha kuanza na una masharti yake. Wasaa unabaki kuwa haki. Hauna, hata hivyo, ruhusa ya kuugeuza muda wa mwingine kuwa mchezo bila ya yeye kujua kwamba anachezewa. Tunapendekeza pia kwamba methali zetu za biashara zisomwe upya kwa kuuliza ni nani aliyeketi na ni nani atembeaye katika kila moja. Kazi hiyo yastahili makala yake.

Imebaki jambo moja. Tuliporejea kisiwani jioni tulipita tena Ndia Kuu, kwa kuwa hiyo ndiyo iliyokuwa njia ya kuelekea tulikofikia. Kutoka upande wa pili wa barabara nilimwona mwenye duka akimhudumia mtu mwingine. Kifurushi cha gazeti kilikuwa bado juu ya rafu karibu na mlango. Fedha zilizobaki mfukoni hazikufika elfu tatu. Ningeweza kuvuka na kumwambia hivyo. Ingenichukua dakika moja. Nilimshika mke wangu mkono tukaingia katika kichochoro kilichokuwa kushoto, naye akaniuliza kwa nini tunazunguka. Treni ya asubuhi ilituondoa Mombasa kabla maduka ya Mji wa Kale hayajafunguliwa.